Maharage Kumi

Nilipanda Mwanga na orodha ya mambo thelathini na moja,
kompyuta mgongoni, shati limepigwa pasi,
hadi duka la Asteria Gwimo, mlango wa bluu
unaotazamana na mashine ya kusaga.
Hatua tatu kutoka kizingiti hadi ukutani. Nilizihesabu
nikimngoja ampimie mtoto mawese,
upawa mmoja, na chenji yake ya pipi.

Nikamsomea. Grafu za mauzo, rangi sita.
Pointi za mteja mwaminifu.
Kusoma msimbo pau.
"Kusoma nini?"
Ile mistari myeusi mgongoni mwa bidhaa.
Akalitazama debe la mawese,
akalitazama gunia la chumvi ya Uvinza,
akaitazama gwanji iliyokatwa kwa uzi,
kila kipande na unene wake.
"Mgongo wa hivi," akasema, "uko wapi?"

Walitufundisha: usimuulize mteja anataka nini,
atataka vyote, kama mtoto sikukuu.
Mpe fedha kidogo, anunue.
Nikachota maharage kumi kwenye gunia lake,
ya njano, ya Kasulu,
nikapanga vikaratasi kwenye kaunta:
Mama, kila harage ni wiki moja ya kazi yangu.
Wiki ninazo kumi tu.

Mawili akayaweka papo hapo
palipoandikwa *ifanye kazi umeme ukikatika*.
Hata miwani hakuvaa.
Moja kwa robo, na nusu, na "niongezee kidogo",
maana sukari hapa haiuzwi kwa kilo,
inauzwa kwa chai ya leo.

Kisha akatoa daftari chini ya mzani.
Jalada limelowa mafuta, kurasa zinapitisha mwanga,
na majina si majina:
Baba Pacha. Yule wa Katonga. Fundi Redio.
Shemeji wa Baiskeli.
Nikaandika haraka: deni, tarehe ya kulipa, siku thelathini.

"Siku thelathini za nani?"

Wavuvi wa dagaa hawatoki mbalamwezi ikiwaka;
taa zao hushindwa na ile ya juu.
Hukaa nyumbani wakishona nyavu, wakikopa unga,
na hulipa giza likirudi.
"Mashine yako inajua mwezi uko wapi?"

Hilo halikuwamo katika thelathini na moja.
Akachukua karatasi tupu, akaweka matatu.

"Na huyu?"
Jina limepitiwa mstari wa penseli, mwepesi,
bado linasomeka. Elfu kumi na nne na mia tano.
Nikamwambia, kipo kitufe cha kufuta.
Akanitazama kama nimemwaga kitu sakafuni.
"Sikumfuta. Nilimsamehe. Mtumbwi ulirudi bila yeye.
Ukimfuta, ni kama hakuwahi kuingia humu.
Alikuwa akichagua sabuni kwa kuinusa."

Matatu tena. Jumla tisa.

La kumi akalishika vidoleni,
likaelea juu ya grafu zangu. Nakiri,
nilizuia pumzi; zile rangi sita
nilizikeshea.
Akalirusha guniani.
"Hili la kupika."

Wiki ya tatu, chumbani kwangu Kibirizi,
kitufe cha *Samehe* kilikuwa tayari,
kijivu, kijivu cha penseli,
nacho hakifuti chochote.
Mwezi ndio ulinitesa. Hesabu zilikuwa zinapishana kwa siku mbili,
nikazivunja, nikazianza upya,
hadi skrini ikasema: usiku huu, kuchomoza saa tisa.
Sikuiamini. Nikafungua dirisha.

Ziwani taa, safu juu ya safu,
nyingi kiasi cha kushindwa kuzihesabu.
Nikamwandikia Asteria ujumbe, neno moja: *Giza.*
Akajibu kabla sijaiweka simu chini:
"Najua. Baba Pacha amekwisha kulipa nusu.
Harakisha hiyo mashine."